Kwapa Baridi, Mwili Unaowaka: Kupima Joto la Mgonjwa Mahututi

Mgonjwa aliyeingia kwenye mshtuko kwa sababu ya maambukizi ya damu anaweza kuwa na nyuzi 36.4 kwapani na nyuzi 39 ndani ya mwili kwa wakati uleule. Thamometa haijakosea. Presha ikishuka, mwili hubana mishipa ya ngozi ili damu kidogo iliyopo iende kwenye moyo na ubongo. Mikono inapoa, miguu inapoa, vidole vinapauka, na kwapa nalo ni ngozi, kwa hiyo linapoa. Thamometa imesoma sawasawa joto la mahali palipokosa damu. Tatizo linaanza namba hiyo inapoandikwa kwenye chati bila maelezo, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku atasoma 36.4 na kuhesabu kuwa mgonjwa hana homa. Damu ya kuotesha vijidudu haitachukuliwa, na antibayotiki itasubiri hadi raundi ya asubuhi.

Kwa miaka tuliyokaa na wagonjwa mahututi hapa Dar es Salaam, jambo tunalolirudia kwa kila muuguzi mpya ni hili: kabla ya kuamini nyuzi, jiulize pale ulipopima damu inafikaje. Mengine yote yanafuata hapo.

Joto tunalolitafuta ni la damu inayozunguka ndani kabisa, kwenye kifua, tumbo na fuvu. Kipimo kinachochukuliwa kuwa rejea ni cha katheta, yaani mrija mwembamba, inayopitishwa moyoni hadi kwenye mshipa wa mapafu, ambayo ina sensa (kihisi) ya joto karibu na ncha yake. Kwa wodi nyingi hiyo ni habari ya vitabuni, na hakuna anayeweka katheta ya namna hiyo kwa ajili ya joto peke yake. Baada yake zinakuja sensa ya kwenye umio na sensa iliyo ndani ya mpira wa mkojo. Kama hizo hazipo, mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na vyama viwili vya Marekani, kimoja cha wataalamu wa wagonjwa mahututi na kingine cha magonjwa ya kuambukiza, unapendekeza njia ya haja kubwa au mdomo kuliko kwapa, sikio au paji la uso. Tuiangalie orodha hiyo kwa macho ya wodi zetu na tutaona kichekesho: tunachokitumia zaidi ni vile vilivyo mwishoni.

Hata ile 37 inayojulikana na kila mtu ina mahali ilikotoka. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1868 baada ya kupima maelfu ya watu, zaidi kwapani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliopima mdomoni watu wazima wenye afya, ulipata wastani wa 36.8, na kiwango cha juu cha kawaida kikawa 37.7. Kwa hiyo mtu akisema "joto lake ni 37.6", swali la haki ni: amepimwa wapi, na saa ngapi? Kwa mtu mwenye afya joto huwa chini kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja alfajiri, na juu kabisa saa kama hizo jioni, tofauti ikiwa takriban nusu nyuzi. Mgonjwa mahututi hupoteza mpangilio huo, kwa hiyo usimtetee kwa kusema "ni joto la jioni tu".

Kwapa hatuwezi kulikimbia, basi lipimwe vizuri. Kausha jasho kwa kitambaa, usisugue, maana kusugua kunapasha ngozi. Ncha ya kipimajoto ikae katikati kabisa, juu kwenye kilele cha kwapa, si kwenye mkunjo wa mbele. Mkono ushushwe na ulazwe juu ya kifua. Mgonjwa asiye na fahamu lazima mkono wake ushikiliwe na muuguzi muda wote. Cha zebaki kinataka dakika 5 kwa uchache, na tunapendelea 8 hadi 10. Cha kidijitali kitalia mapema, na hapa wengi wanakosea: mlio unamaanisha namba imeacha kupanda kwa kasi, hausemi kwamba kwapa limeshapata joto lake halisi. Kiache dakika mbili zaidi, uone kama namba inaongezeka. Usitumie upande wenye dripu inayokimbia kwa kasi, wala upande uliokuwa umewekewa kitambaa cha maji. Na feni izimwe au igeuzwe. Kwenye wodi isiyo na kiyoyozi, mwezi wa Februari, feni inayompiga mgonjwa mwenye jasho inashusha namba ya kwapa vizuri sana bila kushusha homa hata kidogo.

Kuna desturi ya kuongeza 0.5 juu ya joto la kwapa ili kupata joto la ndani. Tuiache. Tofauti hiyo inakaribia ukweli kwa mtu mwenye afya aliyetulia. Kwa mgonjwa aliyebana mishipa inaweza kupita nyuzi moja, mbili hata zaidi, na inabadilika saa hadi saa kadiri dawa za kupandisha presha zinavyoongezwa au kupunguzwa. Andika ulichosoma, andika "kwapa", basi.

Ile bastola ya kupima paji la uso bila kugusa iliingia kila mlango mwaka 2020, kuanzia benki hadi msikitini, na ikabaki mawodini. Kwa kuchuja watu mlangoni ilikuwa na sababu yake. Kwa mgonjwa mahututi haina kazi. Inasoma miale ya infraredi inayotoka kwenye ngozi, na jasho linapokauka linaipoza ngozi, kwa hiyo mgonjwa ambaye homa yake ndiyo kwanza inashuka huku akitoka jasho anasomeka 36 na kidogo. Kile kinachopitishwa juu ya mshipa wa panja ni bora kidogo, lakini jasho na mishipa iliyobana vinakiharibu vilevile.

Cha sikioni kina hoja, maana kiwambo cha sikio kinapata damu ya jirani na ile ya ubongo. Shida ni kukilenga. Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mdogo vuta chini na nyuma. Usipovuta, sensa inasoma ukuta wa njia ya sikio, ambao ni baridi kuliko kiwambo, na unapata namba ya chini. Nta iliyoziba inafanya hivyohivyo. Sikio lililolaliwa kwenye mto linasoma juu. Mgeuze mgonjwa, subiri dakika 15 hadi 20, au tumia la upande wa pili. Kava ya plastiki iwe mpya na isiwe na mikunjo. Lenzi ifutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo na iachwe ikauke kabisa, maana alama moja ya kidole inatosha kushusha namba. Na kuna jambo ambalo hapa Dar linajitokeza kila siku: kifaa kimetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22 kwenda kwenye korido yenye nyuzi 32. Vifaa vya infraredi vinajilinganisha na joto lao wenyewe, na vingi vinahitaji hadi nusu saa kuzoea chumba kipya. Kila chumba kiwe na chake.

Mdomo ni mzuri kwa aliye macho na anayefuata maelekezo. Ncha iende chini ya ulimi, nyuma, pembeni, kwenye kijishimo cha kulia au kushoto. Mdomo ufungwe. Kama amekunywa chai au maji baridi, subiri dakika 20. Mgonjwa anayehema kwa kasi, mwenye barakoa ya oksijeni, aliyechanganyikiwa au mwenye degedege si wa kupimwa hapo.

Inabaki njia ya haja kubwa, ambayo kwa hospitali nyingi ndiyo kipimo cha ndani kinachowezekana leo bila kununua mashine yoyote, na ndiyo inayokwepwa kuliko zote. Aibu ina sehemu yake, na haiondoki kwa kuamrishwa. Kwa mzee tunaanza na shikamoo, tunafunga pazia, ndugu wanaombwa watoke, na tunasema wazi: "Mzee, joto la kwapani leo halituambii ukweli. Tunaomba tukupime kwa njia ya haja kubwa, ni dakika mbili, na tutakufunika." Ikiwezekana, mwanamume apimwe na muuguzi wa kiume na mwanamke na wa kike. Aliye kwenye mashine ya kupumulia, aliyelazwa usingizi, naye aambiwe; hatujui anachosikia.

Mlaze ubavu wa kushoto, goti la juu likunjwe. Vaa glavu. Kava mpya, jeli ya kutosha, kisha ingiza sentimita 3 hadi 4 kwa mtu mzima, ukielekeza ncha upande wa kitovu. Kwa kichanga sentimita 2 zinatosha na usilazimishe kamwe. Shikilia kipimajoto muda wote. Cha kidijitali subiri kilie. Cha zebaki dakika 2 hadi 3. Kama ncha imeingia kwenye kinyesi kigumu, unapima kinyesi, na kinyesi kinachelewa kubadilika joto. Usipime huko kwa mwenye chembe nyeupe zilizoshuka sana, mwenye chembe sahani (za kugandisha damu) chache au anayevuja damu, aliyefanyiwa upasuaji wa eneo hilo, au mwenye kuhara damu. Kipimajoto cha huko kiwe na alama yake, plasta nyekundu imezungushwa kwenye mpini, na kisitumike mahali pengine. Vipimajoto vya haja kubwa vilivyotumika kwa wagonjwa wengi vimewahi kusambaza bakteria wa kuhara wodini, hata vilipokuwa na kava.

Upungufu wake mkubwa ni kuchelewa. Joto la damu likipanda au kushuka haraka, eneo hilo linaweza kubaki nyuma kwa dakika nyingi, hata nusu saa. Hilo lina maana unapompoza mgonjwa wa kiharusi cha joto, yule fundi au kuli aliyeletwa mchana wa jua kali akiwa amechanganyikiwa. Huyo usimpime sikioni wala kwapani. Pima ndani, na kama upo waya wa sensa, uingize sentimita 10 hadi 15 na uuache. Joto la ndani la zaidi ya nyuzi 40 pamoja na akili kuvurugika ndiyo picha yenyewe. Kazi ni kulishusha chini ya 39 haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Acha kumpoza kwa nguvu likifika karibu 38.5, kwa sababu damu imeshatangulia chini kuliko namba unayoiona, na ukiendelea hadi kwenye 37 utamkuta kwenye 35. Malaria ipimwe, ndiyo, Dar ni Dar, lakini maji na feni visisubiri majibu ya maabara.

Wenye bahati ya sensa za kudumu wana matatizo yao. Sensa ya ndani ya mpira wa mkojo ni nzuri na haiongezi usumbufu, maana mpira ungewekwa vyovyote vile. Lakini inategemea mkojo unaopita. Mgonjwa wa kilo 60 anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa, kibofu chake kinachelewa kufuata damu, na akiacha kabisa kukojoa usitegemee namba hiyo. Ukisafisha kibofu kwa maji ya chumba, subiri kabla ya kusoma.

Sensa ya umio inafuata damu haraka kuliko zote tunazoweza kuzipata kirahisi, kwa sababu inakaa nyuma ya moyo. Ncha yake inatakiwa iwe kwenye theluthi ya chini ya umio, takriban sentimita 32 hadi 38 kutoka meno ya mbele kwa mtu mzima, kutegemea urefu wake. Ikiwa juu mno, inapozwa na hewa ya mashine ya kupumulia inayopita kwenye koo la hewa. Ikizama hadi tumboni, itasoma uji na maziwa unayompa kwa mrija. Picha ya eksirei ya kifua inayopigwa kuangalia mrija wa kupumulia itumike pia kuangalia ncha hii. Hiyo ni dakika moja ya kazi. Mwenye mishipa iliyovimba ya umio, kama wagonjwa wengi wa kichocho cha ini, asiwekewe.

Halafu kuna suala la waya na monita, ambalo wauguzi wanaachiwa bila maelezo. Sensa nyingi za joto za hospitali ni za familia mbili zinazoitwa 400 na 700, na monita iliyotengenezwa kwa moja haisomi nyingine ipasavyo. Plagi inaweza kuingia vizuri tu, na kioo kikaonyesha mistari mitupu, au namba ya ajabu. Kwa hospitali zinazopokea misaada ya vifaa kutoka pande zote, kuchanganyika huku ni kwa kawaida. Fundi wa vifaa tiba ana njia rahisi ya kujua mwenye kosa ni nani: sensa ya 400 ikiwa na afya inapima ukinzani wa umeme wa omu 2252 kwenye nyuzi 25 na omu 1355 hivi kwenye nyuzi 37. Akichomeka kizuizi cha umeme (resista) cha omu 1355 mahali pa sensa na monita ya 400 ikaonyesha 37, monita ni nzima na waya ndio umekufa. Mara nyingi waya hufa pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu ya kuvutwa wenyewe badala ya kushika kichwa cha plagi. Namba inayorukaruka mgonjwa akigeuzwa ni dalili yake. Na mgonjwa akienda kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, sensa zote zenye waya wa chuma zitolewe, maana zinaweza kupata moto na kumuunguza.

Hata ukipima mahali sahihi, homa inaweza kufichwa. Mashine ya kusafisha damu ndiyo fundi mkuu wa kuficha: damu inatoka nje ya mwili, inapita kwenye mirija ndani ya chumba chenye kiyoyozi, inarudi ikiwa imepoa. Mgonjwa aliye kwenye usafishaji wa mfululizo anaweza kukaa kwenye 36.5 siku nzima akiwa na usaha tumboni. Kwake tunaangalia dalili nyingine: mahitaji ya dawa za kupandisha presha, lakteti (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni), chembe nyeupe, kutetemeka. Na akiondolewa kwenye mashine, pima baada ya saa moja. Parasetamoli inafunika kwa saa kadhaa, kwa hiyo saa ya dozi iandikwe kwenye chati ileile ya joto, isibaki kwenye karatasi ya dawa peke yake. Dawa jamii ya steroidi zinafunika zaidi. Wazee wengi wanaanzia chini. Bibi ambaye kawaida yake ni 36 akifika 37.4, amepanda nyuzi nzima na zaidi.

Kwenye ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, nyuzi 38.3 na kuendelea ndiyo homa inayotakiwa kutafutiwa chanzo. Kutafuta chanzo kunaanza kitandani, kwa kuangalia mahali dripu ilipoingia, kidonda, makohozi na rangi ya mkojo, ndipo vipimo vifuate. Aliyefufuliwa baada ya moyo kusimama na bado hajazinduka ana kiwango chake: miongozo ya Ulaya ya 2021 ilitaka asizidi 37.7 kwa angalau saa 72, na hapo tofauti ya nusu nyuzi ya kwapa haivumiliki. Anayeongezewa damu apimwe kabla ya chupa kuanza, dakika 15 baadaye, na kuendelea, mahali palepale na kwa kifaa kilekile. Akipanda nyuzi moja au zaidi na kufikia 38, chupa isimamishwe na mshipa ubaki wazi kwa maji ya chumvi. Ukianza kwapani na kumalizia sikioni, hiyo "nyuzi moja" inaweza kuwa umbali kati ya kwapa na sikio tu.

Upande wa chini unasahaulika zaidi. Mgonjwa wa maambukizi makali akiwa chini ya 36 mara nyingi hali yake ni mbaya kuliko mwenye 39. Kipimajoto cha zebaki cha kawaida kinaanzia nyuzi 35, kwa hiyo mgonjwa wa 33 aliyeokolewa majini au aliyekaa muda mrefu kwenye meza ya upasuaji atasomeka "35" tu, na kama zebaki haikukung'utwa vizuri, atasomeka joto la mgonjwa aliyetangulia. Cha kidijitali kikiandika "L" au "Lo", usikibadilishe hadi upate kinachoonyesha namba unayoipenda. Tafuta chenye uwezo wa kusoma chini, au sensa ya monita, na uandike "chini ya kipimo" wakati unatafuta.

Vya zebaki vinaondoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviingiza na kuvisafirisha nje ya nchi. Vilivyobaki vikivunjika, usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi: fungua madirisha, kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, weka kwenye chupa yenye maji na mfuniko, ikabidhiwe kwa mhusika wa taka hatarishi.

Vya kidijitali vilivyochukua nafasi yake, hasa vile vya bei ya chini vya Kariakoo, vinatakiwa kukaguliwa na hakuna anayevikagua. Kipimo cha barafu hakifai, kwa sababu kwenye nyuzi 0 vyote vitaandika "Lo". Tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Jaza maji ya nyuzi 37 hivi, koroga, kisha tumbukiza ncha za vipimajoto visivyoingiza maji pamoja na kimoja cha rejea chenye cheti cha ulinganishaji. Maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo ndiyo mahali pa kuanzia kuulizia cheti hicho. Subiri dakika 3, soma vyote, ongeza maji ya moto hadi karibu 39.5, rudia. Kifaa cha kugusa kinatakiwa kuwa ndani ya 0.1 kwenye eneo la homa. Kikipishana na rejea kwa zaidi ya 0.2, kibandikwe plasta na kitolewe wodini siku hiyohiyo. Badilisha betri kwanza kabla ya kukihukumu, kwa sababu betri dhaifu husogeza namba kabla ya taa ya onyo kuwaka. Vya infraredi havipimwi kwa maji. Hivyo vilinganishe na joto la haja kubwa la wagonjwa watatu au wanne waliotulia, mkiandika namba zote mbili kando kwa kando, na msishangae vikitofautiana kwa njia tofauti kwa kila mgonjwa.

Wodi ya vichanga ingehitaji makala yake, ila jambo moja haliwezi kusubiri. Kwenye inkubeta inayojirekebisha kwa kufuata ngozi ya mtoto, sensa inabandikwa juu ya tumbo, upande wa ini, na kufunikwa kwa kibandiko kinachong'aa. Ikibanduka, inasoma hewa iliyo baridi kuliko mtoto, na mashine inaendelea kuongeza moto. Mtoto akiilalia, inasoma juu na mashine inapunguza moto hadi apoe. Kwa hiyo pima pia kwapani kwa mkono kila baada ya saa 3 au 4, ukitafuta 36.5 hadi 37.5, na kama namba hizo mbili hazielewani, angalia kibandiko kabla hujagusa kitufe chochote.